Keshia na risiti za EFD: ndizo zilizoniletea PCOS?

Keshia wa Tabata

Habari zenu humu. Naombeni mnisaidie bila kunicheka.

Nina miaka 27, ni keshia kwenye supamaketi moja hapa Dar, huu mwaka wa nne. Kuanzia mwaka jana siku zangu zilianza kuruka. Mwezi unapita, wa pili unapita, halafu zinakuja nzito mpaka naomba ruhusa kazini. Chunusi za taya ambazo hata shuleni sikuwa nazo. Na vinyweleo vya kidevuni, hivyo navinyofoa kwa kibano kila asubuhi kabla ya kwenda kugombania daladala. Nikaenda hospitali, nikapigwa utrasaundi, nikatolewa damu, nikaambiwa nina PCOS, ule ugonjwa wa homoni kuvurugika na ovari, yaani vifuko vya mayai, kujaa vifuko vidogovidogo. Daktari alikuwa na foleni hadi koridoni. Akaniandikia metfomini, ile dawa ya sukari, akasema nipunguze wali na soda, nirudi baada ya miezi mitatu. Sikuuliza kitu kwa sababu sikujua cha kuuliza.

Sasa kuna dada kwenye kundi letu la WhatsApp anauza dawa za kusafisha kizazi. Akarusha sauti ndefu kwamba PCOS ni sumu za plastiki zilizojaa mwilini, na kwa sisi wa kaunta ni risiti za mashine. Eti ile karatasi ina kemikali inaitwa BPA, inapita kwenye ngozi, inakwenda kukaa kwenye mayai mpaka yanaota vivimbe. Dozi yake ni shilingi 150,000 na sharti niache metfomini kwanza, kwa sababu "zinagongana".

Ningempuuza, ila hiyo habari ya risiti imenitia hofu, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Mashine inatema karatasi tangu tunafungua, mwisho wa mwezi ndiyo usiseme. Pembeni ya droo nina sanitaiza, nikishika noti chafu napaka. Mchana sina muda wa kutoka, naagiza chipsi, nakula hapohapo nyuma ya kaunta huku nahudumia.

Kwa hiyo: ni kweli risiti zinaleta hii kitu? Kuna kipimo cha kuangalia kama hiyo BPA ninayo? Na je, niache kazi? Nyumbani mama anasema ni jini mahaba, nisihangaike na hospitali. Mama mwenyewe ana sukari, na shangazi yangu mmoja alihangaika miaka kupata mtoto, sijui kama vina uhusiano.

Kibarazani

TRA wanatuambia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Leo dada unatuambia risiti zina sumu. Tushike lipi sasa?

Utani tu, pole sana. Ila hiyo ya kuacha dawa ya daktari ili unywe ya kundini, hapana.

Mama Nasra

Mdogo wangu wa tumbo moja alinunua za aina hiyo kwa muuzaji mwingine. Aliharisha wiki nzima, yule muuzaji akamwambia "ndiyo sumu inatoka hiyo". Sukari ilimshuka akaanguka bafuni. Hedhi haikurudi wala nini. Nilipompigia muuzaji akaniblock.

Bi Pipeti

Mdogo wangu Keshia, nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya kemia hapa Morogoro, kazi yangu ni kutafuta mabaki ya viuatilifu kwenye nyanya na kabichi zinazoshushwa kutoka Mgeta. Na PCOS ninayo tangu nikiwa sekondari. Siongei kama mtu anayepita njia. Sitakupangia dawa, hilo si langu, lakini kemia nitakueleza.

Huyo muuzaji wako si kwamba kadanganya kila neno. Angedanganya kila neno usingekuwa na hofu.

Karatasi ya EFD, hizo mashine za risiti za kodi, haina wino. Inachapwa kwa joto: juu yake pamepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali ya kuiamsha, zikikutana kwenye joto herufi zinatokea. Ndiyo maana ukiikwaruza kwa ukucha inaweka mstari mweusi, na ukiiacha kwenye dashibodi ya gari juani inakuwa nyeusi yote. Kwa miaka mingi hiyo kemikali ya kuamsha rangi imekuwa BPA, bisfenoli A kwa kirefu, kiasi cha asilimia moja hadi mbili ya uzito wa karatasi. Katika plastiki ngumu BPA imefungamana, inachomoka kidogokidogo. Kwenye risiti iko huru, imelala juu, ukishika inabaki kidoleni. Ulaya waliibana: tangu Januari 2020 karatasi ya namna hiyo haitakiwi kufika asilimia 0.02. Viwanda vingi vikahamia BPS, kemikali ambayo umbo lake limefanana mno na BPA na inaigiza estrojeni, homoni ya kike, karibu vilevile. Kwa hiyo ukikuta boksi limeandikwa halina BPA usishangilie haraka.

Na hapo kwenye sanitaiza na chipsi ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walifanya jaribio hilohilo: watu wakapaka sanitaiza, wakashika risiti, kisha wakala chipsi kwa mikono yao. BPA ikapanda kwenye damu na kwenye mkojo. Sanitaiza ina viambato vinavyoifungua ngozi, na kidole chenye mafuta kinaipeleka moja kwa moja mdomoni. Walidhani wanaiga mlo wa mgahawani kwao, kumbe wanaiga mchana wako.

Kwa hiyo swali la kama inaingia mwilini, jibu ni ndiyo, inaingia. Lakini kuingia mwilini ni jambo moja, kukuletea PCOS ni jambo jingine, na muuzaji wako amelivuka daraja hilo bila kutazama chini.

Tafiti zipo. Athens, mwaka 2011, walipima damu ya wanawake 71 wenye PCOS na 100 wasio nayo, wakakuta wenye PCOS wana BPA nyingi zaidi, wanene kwa wembamba. Kabla yao, mwaka 2004, Wajapani walikuwa wameshaona BPA ikienda sambamba na testosteroni, ile homoni ya kiume, kwa wanawake. California mwaka 2014 wakakuta wenye PCOS wana aina mbili za PFAS kwa wingi zaidi kwenye damu, hizo ni zile kemikali za kuzuia maji na mafuta yasishike, kwenye vitambaa, karatasi za kufungia vyakula, povu la kuzimia moto. Na Buenos Aires mwaka 2010 walichoma sindano za BPA panya majike wachanga. Walipokua, testosteroni ikawa juu, ovari zikawa na vifuko, uzazi ukasumbua. Ukimwonyesha mtu karatasi hizo nne bila maelezo, ataamini kesi imekwisha.

Haijaisha. Kwanza, BPA haikai. Ini linaikamata, linaifungasha, na ndani ya saa chache nusu yake imeshatoka kwa mkojo. Kesho yake karibu yote imekwenda. Ukipima mkojo leo unajua ulichogusa na kula tangu jana. Ovari zako zilianza kuwa hivi miaka mingapi nyuma? Kipimo cha leo hakijui. Pili, sisi wa maabara tuna siri ya aibu: kupima BPA ni kazi chungu kwa sababu vifaa vyetu vingi ni vya plastiki. Unaweka maji safi kabisa kwenye mashine, unapata BPA. Sampuli za damu ndizo zinazosumbua zaidi.

La tatu ndilo linaloniumiza kichwa. Mwenye PCOS ana androjeni nyingi, zile homoni tunazoziita za kiume ingawa kila mwanamke anazo. Watafiti haohao wa Japani walionyesha kwa panya kuwa androjeni zikizidi, ini linazembea kuifungasha BPA. Sasa tuseme unakuta mwanamke mwenye PCOS ana BPA nyingi. BPA ndiyo iliyoleta PCOS, au PCOS ndiyo iliyoifanya BPA ichelewe kutoka? Kwa kupima watu mara moja tu huwezi kujua. Tafiti nyingi za binadamu kwenye jambo hili zimepima mara moja tu.

Halafu kuna historia, ambayo muuzaji haigusi. Mwaka 1721 tabibu wa Italia, Vallisneri, aliandika habari za mwanamke wa shamba, ameolewa, mnene kiasi, hapati mtoto, ovari zake kubwa, nyeupe, zina manundu, ukubwa wa mayai ya njiwa. Mwaka 1935 Stein na Leventhal wa Chicago wakaeleza wanawake saba wa aina hiyo, na kwa muda mrefu ugonjwa ukabeba majina yao. Plastiki ya polikaboneti, ile inayotengenezwa kwa BPA, imegunduliwa 1953. Ugonjwa umeitangulia kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Na ukoo wako umeutaja mwenyewe bila kuulizwa. Waholanzi walifuatilia mapacha, wakachapisha mwaka 2006: kama asilimia 70 ya tofauti kati ya mwenye PCOS na asiye nayo inaelezwa na urithi. Mama mwenye sukari, shangazi aliyesumbuka kupata mtoto, mtu anayejua kazi yake ataandika hayo kwenye faili kabla hajaandika kitu kingine. Kwetu sisi ni hivyohivyo, kwa upande wa baba, na bibi yetu hakuwahi kugusa risiti maishani.

Mimi ninavyoliona: mbegu unazaliwa nayo, na mazingira yanaweza kuisukuma. Mazingira ni mengi, chakula, usingizi, uzito, na pengine kemikali hizi. Kwenye kemikali, muda wenye hatari zaidi ni ule wa tumboni mwa mama na utoto wa mwanzo, wakati ovari zinajengwa. Wale panya wa Argentina walikuwa wachanga, angalia hilo. Keshia aliyeanza kazi akiwa na miaka 23 ni hadithi tofauti.

Vipimo: usitoe hela yako kupima BPA. Ukiambiwa unayo, na kila mtu wa mjini anayo, utafanya nini?

Dawa ya kusafisha: BPA inatoka yenyewe kabla hujamaliza kulipia hiyo dozi. Zile PFAS kweli zinakaa miaka, na hakuna majani ya kuchemsha yanayozitoa. Sasa sijui hiyo 150,000 inakwenda kusafisha nini.

Kazi usiache, watu wanatafuta. Sogeza sanitaiza mbali na mashine. Noti zikikuchafua nawa kwa maji na sabuni, au angalau kausha mikono kabisa kabla hujagusa karatasi. Chipsi tumia uma, au nawa kwanza. Shika risiti kwa upande wa nyuma, usizikunje kwenye kiganja, nakala zisizotakiwa zitupe, usizijaze mfukoni mwa aproni. Glavu za nitraili zinasaidia ukizibadilisha. Kuvaa jozi moja tangu asubuhi huku unakulia chakula humohumo ni mapambo. Ukitoa glavu, hayo yote hayana gharama, na hata kama BPA haihusiki na PCOS yako hutapoteza kitu.

Ila usitegemee kwamba ukiacha kugusa risiti siku zako zitarudi. Hilo ningekuambia hata kama tungekuwa tumekaa jikoni kwangu.

Mkunga Mstaafu

Bi Pipeti ameeleza upande wa kemia, mimi niseme ya wodini. Binti yangu, PCOS haihukumiwi kwa utrasaundi peke yake. Tunataka mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za androjeni kuzidi kwa kuangalia au kwa damu, na ovari zenye vifuko vingi. Na kabla ya hapo tunaondoa vinavyofanana nayo: tezi ya shingo, homoni ya maziwa kuwa juu, na hata matatizo ya tezi za juu ya figo. Ukirudi uliza kama ulipimwa hayo. Uliza pia kipimo cha sukari cha kunywa glukosi na kusubiri saa mbili, kwa kuwa mama ana kisukari. Ile ya kutoboa kidole asubuhi inaweza kukupita.

Metfomini usiiache kwa ajili ya mtu wa kundini. Ikikusumbua tumbo inywe pamoja na chakula, mwambie daktari aianzishe kwa dozi ndogo aipandishe taratibu. Watu wengi wanaiacha kwa kuharisha tu, na kuna namna ya kulizuia.

Jambo ninalowaambia mabinti wote: usikae zaidi ya miezi mitatu bila kuona hedhi ukasema "afadhali napumzika". Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaendelea kujijenga bila kumwagwa, na miaka ikipita unaweza kubadilika vibaya, hata saratani. Kuna vidonge vya kuishusha hedhi. Na siku ukitaka mtoto, kuna letrozoli ya kupevusha mayai, wengi wanapata. Usikubali mtu akuite tasa.

Sasa swali langu, na naliuliza kila msichana anayekuja na chunusi na ndevu. Unapaka nini usoni na mwilini? Mkorogo mwingi una steroidi kali kama klobetasoli. Ukipaka mwili mzima kwa miezi, inapita kwenye ngozi, uso unavimba, chunusi zinatoka, nywele zinaota pasipotakiwa, hedhi inavurugika. Nimeona mabinti wakiandikiwa PCOS kumbe ni kopo la krimu. Nyingine zina zebaki, nayo inakwenda kwenye figo. Tunahangaika na karatasi ya risiti, huku kichafuzi kikubwa zaidi mtu anakipaka mwenyewe baada ya kuoga.

Shosti wa Mbagala

Mkunga umenigusa. Mimi si mleta mada lakini napaka ya kuchanganyiwa dukani, haina jina, tangu nimalize chuo. Hedhi imekuwa ya kubahatisha na uso umekuwa mviringo, watu wanasema nimenenepa. Niitupe leo?

Mkunga Mstaafu

Usiitupe kwa pupa kama umeipaka mwili mzima kwa muda mrefu. Mwili ukizoea steroidi ya nje unaacha kutengeneza ya kwake, ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka mpaka kulazwa. Nenda hospitali na kopo lako mkononi, usione haya, waambie umeipaka wapi na tangu lini. Watakupima kotisoli, ndiyo hiyo steroidi ya mwili wenyewe, na kukupangia namna ya kushuka. Uso nao utakusumbua wiki za mwanzo, utawasha na kuwa mwekundu. Vumilia, usiirudie.

Keshia wa Tabata

Nawashukuru, sikutegemea majibu haya. Sipaki mkorogo, natumia mafuta ya mgando tu. Vipimo vya tezi sikumbuki kama nilifanyiwa, nitauliza. Sanitaiza nimeshaihamisha, mwenzangu wa kaunta ya pili ameniuliza kulikoni nikamsomea uzi wote, naye ana hedhi za kuruka.

Bi Pipeti, samahani nakuongezea kazi. Kazini tunakunywa maji ya yale madumu makubwa ya bluu yanayogeuzwa kichwa chini. Na nyumbani tukipika wali tunafunika na mfuko wa nailoni juu kabla ya mfuniko ili uive kwa mvuke. Hivyo navyo?

Mkazi wa Kampala

Mimi ni Mtanzania niko Kampala. Huku matoke ya vibandani wanayafunika kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, badala ya majani ya mgomba, moto mkali, saa nzima. Nasubiri jibu nami.

Bi Pipeti

Hamnisumbui, leo mashine yetu imeharibika, nipo nipo tu.

Si kila plastiki ina BPA. Hilo watu wengi wanalikosea, wakisikia plastiki wanasema BPA. Geuzeni chombo muangalie namba ndani ya pembetatu. Chupa ndogo za maji ni namba 1, hazitengenezwi kwa BPA. Madumu makubwa yanayogeuzwa, yale magumu yenye kung'aa, mengi ni polikaboneti na yanawekwa kwenye namba 7. Hayo yanatoa BPA kidogo, na zaidi yakikaa juani kwenye gari la msambazaji au yakiwa yamechakaa. Kunywa tu, lakini kama mna chaguo chagueni yasiyo ya polikaboneti. Namba 3 ni PVC, inalainishwa kwa ftaleti, kundi jingine linalovuruga homoni. Ftaleti zinatumika pia kushikilia harufu kwenye manukato na losheni, kwa hiyo zinapita njia nyingi. Na makopo ya vyakula kwa ndani yamepakwa utando ambao kwa miaka mingi ulitengenezwa kwa BPA. Kwa watu wengi chakula ndicho kinacholeta BPA nyingi kuliko risiti. Ninyi wa kaunta ndio wa kipekee.

Mfuko wa nailoni juu ya wali na kaveera juu ya matoke, hiyo si BPA. Ni polithini. Shida yake ni rangi na viongezeo, na kwamba mifuko mingi haikutengenezwa kwa ajili ya chakula, mingine imeyeyushwa kutoka kwenye plastiki iliyokwishatumika, nani anajua ilikuwa nini. Ukiitia joto na mvuke, vitu vinashuka kwenye chakula. Tanzania tulipiga marufuku mifuko ya kubebea Juni 2019, lakini jikoni imebaki. Tumia jani la mgomba, au kitambaa safi chini ya mfuniko, wali unaiva vilevile na haunuki nailoni. Na uji wa moto kwenye kifuko, supu ya moto kwenye kifuko, chai ya moto kwenye kifuko, tuachane navyo.

Mtakaosoma habari za Ulaya msitishike na tarakimu. Mwaka 2023 mamlaka yao ya usalama wa chakula ilishusha kiwango cha BPA mtu anachoweza kula kila siku mara 20,000, mpaka nanogramu 0.2 kwa kilo ya mwili. Wajerumani, taasisi yao ya tathmini ya hatari, wakapinga, wakasema hesabu yao inatoa nanogramu 200. Wataalamu wanapishana mara elfu moja! Lakini Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2024 kuiondoa kwenye vifungashio vya chakula, na chupa za watoto zilishapigwa marufuku tangu 2011. Sababu kubwa ya lile punguzo ilikuwa kinga ya mwili, wala si ovari.

Mjamzito wa Tanga

Nina mimba ya miezi minne, daktari anasema ni ya kike. Nami nina PCOS, nimeipata kwa shida. Mmesema hatari ni tumboni. Mmenitia homa. Nifanye nini kwa ajili ya mtoto?

Bi Pipeti

Hongera sana mama, na usipate homa. Kuwa na PCOS peke yake tayari kunampa binti uwezekano wa kuirithi, hilo huwezi kulibadilisha. Lililo mikononi mwako ni hili. Usipake krimu ya kung'arisha ya aina yoyote mpaka umalize kunyonyesha. Chakula cha moto na maji ya moto visikae kwenye plastiki, tumia sufuria, bakuli la udongo au la kioo. Punguza vyakula vya kopo. Kama unalima au mnapulizia nyumbani, mtu mwingine apulizie nawe usiwepo, mboga zioshwe kwa maji yanayotiririka. Msichome plastiki uani. Moshi wake una dioksini, sumu zinazozaliwa na kuungua, na hizo hazitoki mwilini kirahisi. Jikoni kwa mkaa, fungua mlango na dirisha au pikia nje. Manukato makali yapumzishe kidogo.

Usiongeze dawa yoyote ya "kusafisha", iwe ya majani au ya unga. Hata hospitalini kosa limewahi kutokea: kuanzia miaka ya 1940 wajawazito wa Marekani na Ulaya walipewa estrojeni ya kutengenezwa, DES, ili mimba zisitoke. Mwaka 1971 ndipo Boston walipogundua mabinti waliozaliwa wakipata saratani adimu ya uke. Aliyeitengeneza, Dodds wa London, ndiye pia aliyeonyesha miaka ya 1930 kwamba BPA inaigiza estrojeni.

Kliniki usikose hata moja, na uliza mapema kipimo cha sukari ya mimba, wenye PCOS wanaipata zaidi kuliko wengine. Kama ulikuwa unatumia metfomini usiikate wala usiiendeleze bila kumwuliza daktari wako.

Mkunga Mstaafu

Naongeza hapo kwa Bi Pipeti: sukari mwombe wakupime sasa, wiki hii, wasisubiri wiki ya 24, kisha warudie wiki ya 24 hadi 28 hata kama ya kwanza ni safi. Na presha kila hudhurio. Ukiona kichwa kinauma sana, macho yanafifia au uso na mikono vinavimba ghafla, usisubiri tarehe ya kadi.